Nilishapanda Kilimanjaro, Franconia Ridge mwezi wa Januari nitaiweza?

Kijana_wa_Moshi
Wakuu habari zenu. Niko Massachusetts, washkaji wa kazini wanapanga wikiendi moja ya Januari tukapande Franconia Ridge kule New Hampshire, ule mzunguko wa kama kilomita 14 unaopita vilele vya Little Haystack, Lincoln afu Lafayette. Nimecheki Lafayette ni mita 1,600 tu na mimi Uhuru nilishafika kwa njia ya Marangu, mita 5,895. Nina jaketi zito, jinzi, buti za kazini na ramani kwenye simu. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda kipindi cha baridi. Kuna kingine cha kubeba?

Dada_Lowell
Mdogo wangu achana kabisa na hesabu ya urefu. Nairobi yenyewe iko juu kuliko hicho kilele na hakuna anayeganda Nairobi. Kinachoua pale ni upepo. Ukishatoka msituni Little Haystack unatembea karibu kilomita 3 mgongoni mwa mlima bila mti hata mmoja wa kujikinga, na mawingu yakishuka huoni hata unayemfuata. Mount Washington iko milima hiyohiyo, Februari 2023 ilifika nyuzi 44 chini ya sifuri, ukijumlisha upepo mwili unahisi kama 78 chini ya sifuri. Afu Kili ulikuwa na mwongozaji, mapota wa kubeba mizigo, mpishi, mtu wa kukuangalia ukianza kuongea hovyo. Huku ni nyie wenyewe tu.

Fundi_Milima
Jinzi iache nyumbani, nakuomba sana kaka. Pamba ikilowa jasho haikauki, ukisimama dakika chache tu inaanza kukunyonya joto. Vaa sufu au nguo za mazoezi za nailoni kwa ndani, jaketi zito libaki begini la kuvaa mkipumzika, maana ukipanda nalo utalowa jasho. Buti za kazini zinateleza kwenye barafu, unahitaji yale meno ya chuma ya kuvalisha kwenye buti, na theluji ikiwa nyingi vile viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji, la sivyo unazama mpaka kiunoni. Tochi ya kichwa kila mtu na yake, kwa sababu Januari kabla ya saa kumi na moja jioni jua limeshazama. Simu iweke kifuani karibu na mwili, baridi inamaliza chaji, na beba ramani ya karatasi.

Kijana_wa_Moshi
Asanteni sana, aisee sikujua haya. Ila si kuna kibanda juu huko, Greenleaf? Na mambo yakiharibika si tunapiga namba ya dharura, 911?

Dada_Lowell
Greenleaf inafungwa kipindi cha baridi, mtakuta mlango una kufuli. Na 911 mtandao wenyewe wa kubahatisha, hata ukishika, wanaokuja ni askari wa idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo pamoja na watu wa kujitolea, wanapanda kwa miguu usiku uleule na upepo uleule, inachukua masaa mengi na nao wanahatarisha maisha yao. Sheria ya New Hampshire inaruhusu mkatwe gharama za uokoaji ikionekana mlikuwa wazembe. Kuna kadi ya dola 25 kwa mwaka inayosaidia kwenye hizo gharama, ila haikupi joto.

Fundi_Milima
Ushauri wangu waambie wenzako mbadilishe. Ng'ambo ya barabara hiyohiyo kuna Lonesome Lake, kama kilomita 2 na nusu kupanda, msituni muda wote, kibanda chake kiko wazi hata baridi na kuna mtu anakaa pale, na mkifika ziwani mnauona mgongo wote wa Franconia mbele yenu. Mjaribie vifaa hapo kwanza. Ridge muipande Julai, au baridi ijayo mkiwa na mtu anayeijua, na siku hiyo msome utabiri wa vilele wa Mount Washington Observatory asubuhi kabla ya kuwasha gari, upepo ukiwa mkali mnarudi kulala.

Kijana_wa_Moshi
Sawa wakuu, nawatumia hii kwenye grupu letu sasa hivi. Hayo meno ya buti yanauzwa wapi karibu na Worcester?