Kishikio cha pampu cha Mossberg 590 Shockwave: nichukue kipi?

Mgosi_TX
Wakuu, salaam. Nina bunduki ya pampu ya Shockwave, geji 12, mtutu inchi 14 na 3/8. Kishikio cha kiwandani, kile chenye mikunjo kama gunzi la mahindi na mkanda wa kupitisha mkono, hakina pa kufunga tochi. Naona Magpul, Hogue na Streamlight. Kipi kinaingia bila kukata wala kutoboa? Na kubadilisha kishikio tu kunaweza kuniingiza matatani na sheria?

FundiNati
Mkuu, jina la kampuni baadaye, kwanza pima bomba. Ndani ya plastiki ya kishikio kuna bomba la chuma linaloteleza juu ya bomba la risasi, na ndilo lililoshikana na vyuma viwili vinavyovuta bolti. Kwenye Mossberg 500 na 590 bomba hilo lipo la inchi 6 na 5/8 (milimita 168) na la inchi 7 na 3/4 (milimita 197). Ukivalisha kishikio kirefu kwenye bomba fupi, nati haifikii nyuzi. Ukifanya kinyume chake, nati inagota mwisho huku plastiki bado inacheza. Pima chuma, usipime plastiki, kisha linganisha na maelezo ya muuzaji. Wengi wanarudisha mzigo kwa sababu ya hili tu.

Kuvua si kazi kubwa. Toa risasi zote, tazama chemba kwa macho na uingize kidole, risasi zipeleke chumba kingine. Rudisha pampu nusu ya safari, fungua kifuniko cha mbele cha bomba la risasi. Hapo kaba kwa dole gumba: kwenye 590 springi inazuiwa na kifuniko hicho hicho, ukikiachia inaruka hadi ukutani. Chomoa mtutu. Utaona nati ya mduara yenye mapengo mawili mbele ya kishikio. Spana yake ni ya bomba, inapita juu ya bomba la risasi na kuingia kwenye mapengo. Zungusha kinyume cha saa, kishikio kinatoka kwa mbele. Huna haja ya kugusa kikundi cha kifyatuo.

Usitumie bisibisi na nyundo. Inateleza, inachana bomba la risasi, na ule mchubuko ndio utakaokuwa unakwaruza pampu kila ukivuta.

Bi_Mkubwa_Columbus
Niongeze upande wa umbo. Mtutu mfupi maana yake mkono wa mbele uko karibu na mdomo, na bunduki isiyo na kitako inaruka sana. Mkanda wa kiwandani haukuwekwa kwa urembo: unauzuia mkono usiteleze mbele. Ukiuondoa, chukua kishikio chenye ukingo mbele. Hogue ya mpira inashika vizuri hata mkono ukiwa na jasho, lakini haina pa kufunga kitu. Magpul MOE ina nafasi za M-LOK (mianya ya kufungia vifaa), tochi unaifunga pale. TL-Racker ya Streamlight ni kishikio na tochi kwa pamoja, lumeni 1,000, betri mbili za CR123A. Ipo ya Shockwave na ipo ya Remington 870 (bunduki ya kampuni nyingine), soma boksi vizuri, haziingiliani.

Kwa kazi ya nyumbani ningechukua hiyo TL-Racker. Ukifunga tochi ya kawaida kwenye M-LOK, swichi yake lazima ikae kwenye kishikio chenyewe. Ukiibandika kwenye mwili wa bunduki, waya unavutwa kila unapopampu na hautadumu. Na usiisogeze tochi hadi usawa wa mdomo wa mtutu, kioo kitajaa masizi.

Mgosi_TX
Shukrani dada. Pembeni kuna kibebeo cha risasi sita, kitaleta shida?

FundiNati
Huenda. Kishikio kirefu kwa nyuma kikivutwa mpaka mwisho kinagonga kile kibebeo. Pampu haimalizi safari, ganda halitoki, unajikuta na mkwamo na unalaumu risasi. Vuta taratibu, tazama kama kuna mwanga kati yao pampu ikiwa nyuma kabisa. Kisha pitisha risasi bandia kumi, za inchi 2 na 3/4 na za inchi 3. Nati ipake gundi ya nyuzi ya buluu, tone moja. Nyekundu sahau, siku ya kuvua utalia.

Wakili_wa_Mtaani
Sheria: kishikio hakibadilishi urefu wa jumla wala wa mtutu, na hayo ndiyo yanayotazamwa na sheria ya shirikisho ya Marekani. Shockwave ina jumla ya inchi 26 na ushei na haijawahi kuwa na kitako, ndiyo maana inauzwa kama kawaida. Hatari iko nyuma: mpini mfupi zaidi ukiishusha chini ya inchi 26, au kitako cha begani kwenye mtutu ulio chini ya inchi 18, vyote vinakuingiza kwenye NFA, sheria ya kitaifa ya silaha ya 1934, na usajili unatangulia kabla ya kufunga. Majimbo nayo yana yao, mengine hayaitaki bunduki hii kabisa. Ukihama, angalia kabla ya kuipakia kwenye gari.