Naomba ushauri: mialiko ya Juni inatugombanisha, na siku ya Midsommar tunahitajika mahali pawili

Bint Pangani ameandika:

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Naomba mnisaidie mawazo katika jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini nyumbani kwangu limeshazaa maneno, na sipendi liendelee hivyo.

Mimi na mume wangu tunaishi Göteborg, Uswidi. Yeye ni mtu wa Mombasa na anaendesha basi. Mimi ni wa Tanga na ninafanya kazi ya zamu katika nyumba ya kutunzia wazee. Bado hatujajaaliwa watoto, na nadhani ndiyo sababu kila mtu hutuhesabu kuwa watu wenye nafasi.

Mliowahi kukaa huku mnajua mwaka ulivyo. Mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, mtu akitoka kazini hukimbilia kwake, na marafiki huonana msibani, harusini au kwenye simu tu. Ikifika mwisho wa Mei mwanga unakaa hadi karibu saa nne usiku na watu wote hutoka majumbani kwa mara moja. Hata hivyo msimu wenyewe ni mfupi kuliko unavyoonekana, kwa sababu sheria inampa mfanyakazi haki ya likizo ya wiki nne mfululizo kati ya Juni na Agosti, wengi huzichukua Julai, na wenzetu wengi ndio wakati wanaokwenda nyumbani Afrika Mashariki. Kwa hiyo kila anayetaka kutuona anatutaka kabla ya Midsommar, sikukuu kubwa ya Waswidi ya majira ya joto: mtoto wa fulani amemaliza sekondari, tarehe 6 Juni ni sikukuu ya taifa na watu wanachoma nyama, mwingine amepata kibanda chenye bustani nje ya mji na anataka tukakione.

Mume wangu hujibu kila mwaliko kwa "Inshallah tutakuja". Mswahili mwenzetu hulielewa jibu hilo kwa kuangalia uso na sauti, lakini Mswidi huandika majina yetu na kuhesabu viti. Tena wenzetu wa pwani hawaaliki wala hawasubiri kualikwa. Jumapili moja nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimelala huku nimeshusha mapazia mazito, kengele ikalia, na mlangoni wakasimama marafiki wa mume wangu na ndoo ya mapaja ya kuku yaliyokwisha kulowekwa tangawizi na ndimu. Nilikata kachumbari nikiwa na usingizi machoni. Niliwapokea vizuri, nawapenda, na sitaki waache kuja. Ila mwili wangu una mipaka.

Sasa jambo lenyewe. Mwenzangu wa kazini, mama mtu mzima anayestaafu mwaka huu, alitualika tangu Aprili nyumbani kwake katika kisiwa cha Styrsö siku ya mkesha wa Midsommar. Aliuliza tusichokula, na nikamweleza kuhusu nguruwe na pombe. Mume wangu alikubali. Wiki iliyopita marafiki zake wakapanga mishkaki siku hiyo hiyo katika bustani ya Slottsskogen, naye akaahidi kusimamia jiko, kwa kuwa ndiye mchomaji wao na vyombo viko kwetu. Anasema tutakwenda kisiwani asubuhi na kurudi kabla ya alasiri. Kwa ninavyojua mimi, chakula huanza mchana, nguzo ya maua huinuliwa baada ya hapo, na kuondoka katikati ni kumvunjia mwenyeji heshima. Siku hiyo feri za kwenda kisiwani kutoka bandari ya Saltholmen nazo hujaa watu.

Naomba ushauri wenu: tuache lipi, tuseme nini kwa tutakaowaacha, na wenzetu wenye ndoa mnakubaliana vipi kuhusu mialiko kabla haijawa ugomvi?

Mkaazi wa Malmö amejibu:

Dada, mshika mawili moja humponyoka, na katika hili litakaloponyoka ni heshima yenu kwa pande zote mbili. Kwa maoni yangu nendeni Styrsö, wote wawili, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaliko wa huyo mama ndio uliotangulia na mume wako aliukubali. Kwa Waswidi kumleta mtu wa kazini mezani pa familia siku ya Midsommar si jambo la kila siku. Wengine hufanya kazi pamoja miaka mingi bila kufika huko.

Kwa upande wa mishkaki, sioni kwa nini iwe Ijumaa. Tangu 1953 mkesha wa Midsommar umewekwa uangukie Ijumaa kati ya tarehe 19 na 25 Juni, na Jumamosi inayofuata ndiyo sikukuu yenyewe kisheria. Waswidi humaliza shangwe zao Ijumaa, na Jumamosi wengi hujipumzikia. Nyama iliyolowekwa Ijumaa asubuhi, hasa kama mnatumia papai bichi kidogo, itakuwa imelainika zaidi siku ya pili. Mume wako awapigie simu leo, asisubiri wiki ya mwisho, na asiseme "mke wangu hataki". Aseme: "Ijumaa tumekwisha kuahidi mahali, naomba tuisogeze Jumamosi, na vyombo vyote nitaleta mimi."

Baba wa Watatu amejibu:

Naheshimu maoni ya ndugu wa Malmö, lakini naona upande wa mume umepitiwa haraka mno. Watu hao wenye ndoo ya kuku ndio wanaokuja kukaa nanyi simu ya msiba inapoingia kutoka Tanga, ndio wanaochanga tiketi usiku huo huo, na ndio watakaopika siku mtakapojaaliwa mtoto. Kwa mtu wa ughaibuni hiyo si starehe ya majira ya joto tu. Mume wako akiahidi jiko akaonekana amechagua mwaliko wa Waswidi, watakaochunga ulimi ni wachache.

Mimi ningependekeza mgawane: wewe uende Styrsö, yeye asimamie jiko, na jioni mkutane Slottsskogen. Mwanga upo hadi usiku, hamtakosa kitu.

Muuguzi wa Uppsala amejibu:

Kaka Baba wa Watatu, maneno yako kuhusu msiba ni ya kweli kabisa na mimi mwenyewe nimeyaona. Hata hivyo sikubaliani na kugawana. Mwaliko ulikuwa wa watu wawili na viti viwili vimewekwa. Dada akienda peke yake atakaa mchana mzima akieleza mume wake yuko wapi, na ukweli ni kwamba yuko umbali wa feri moja na tramu moja, anachoma nyama na watu wengine.

Dada yangu, nakuandikia zaidi kuhusu lile swali lako la tatu, kwa sababu Midsommar itapita na mialiko itabaki. Mimi na mume wangu sote tuna zamu. Tulikubaliana kwamba hakuna anayemjibu mtu kabla ya kumwuliza mwenzake, hata kama anayealika amesimama mlangoni, na jibu letu la kwanza kwa yeyote ni "nitazungumza na nyumbani nikujibu kesho". Hakuna aliyetununia. Kalenda ya karatasi iko kwenye mlango wa jokofu. Zamu zangu za usiku nazitia rangi nyekundu mara tu ratiba inapotoka, na siku inayofuata zamu hiyo haipokei mgeni wala haituoni tukitoka. Mgeni akija bila taarifa siku nyekundu, mume ndiye anayempokea, ndiye anayekata kachumbari, na sebule hufungwa mlango nilale. Naomba usilichukulie hili la kachumbari kwa wepesi. Mwanamume anayependa wageni na ajue vitunguu viko wapi. Mume wako akishazoea kuyafanya yote hayo, utaona mwenyewe anaanza kuwaambia rafiki zake wapige simu kwanza.

Kuhusu Styrsö: fikeni saa mliyoambiwa, si dakika arobaini baadaye. Utakuta samaki wa heringi waliolowekwa kwenye siki na sukari, viazi vipya vilivyochemshwa, na mwishoni stroberi na krimu. Mkishindwa na heringi, viazi na mayai vitawatosha bila kumuudhi mtu. Kinywaji chenu chukueni wenyewe, kwani ndiyo desturi ya wengi na hakuna atakayeuliza kwa nini hamnywi pombe. Mpelekee visheti au kaimati katika sahani ambayo hutaitaka siku hiyo hiyo. Sahani hiyo itakupa sababu ya kuonana naye tena baada ya kustaafu. Mkialikwa kuzunguka nguzo na kurukaruka kama vyura, rukeni, hata wazee wao wanaruka.

Fundi wa Mkaa amejibu:

Naongeza dogo kuhusu mishkaki. Kabla hamjanunua nyama, angalieni tangazo la manispaa. Juni ikiwa kavu mamlaka hupiga marufuku moto wa nje, na marufuku ikikazwa hugusa hata majiko ya mkaa. Mwaka 2018, misitu ilipoungua, sehemu kubwa ya nchi ilikuwa hivyo. Msihamishie mkaa kwenye roshani, kwa kuwa majengo mengi ya ghorofa hayaruhusu. Jiko la umeme halina moshi mtamu, lakini linaokoa siku.

Bint Pangani amejibu:

Nawashukuru sana. Mume wangu amesoma majibu yote, pamoja na hili la vitunguu, na ameomba nimwambie Baba wa Watatu kwamba alimtetea vizuri. Tumekubaliana tunakwenda Styrsö pamoja. Jana usiku aliwapigia wenzake simu. Wawili wameafiki Jumamosi bila tabu. Mmoja ana zamu Jumamosi na amesema kwa ukali kidogo kwamba sisi sasa tumekuwa watu wa visiwani. Neno hilo limemuuma mume wangu, maana huyo ndiye aliyetupokea tulipofika mji huu. Tufanyeje kwake?

Mkaazi wa Malmö amejibu:

Huyo msimjibu kwa simu wala kwa ujumbe. Mwulizeni zamu yake inaisha saa ngapi Jumamosi, mtengeeni mishkaki yake ikiwa mbichi kwenye vijiti, na mume wako akampokee mlangoni pa kazi na gari. Ikiwa anamaliza saa tatu usiku bado kutakuwa na mwanga wa kuchomea. Na ikiwa hawezi kabisa, basi wiki moja kabla ya Midsommar mwalikeni yeye na mke wake peke yao, nyumbani kwenu, siku isiyo nyekundu.

Baba wa Watatu amejibu:

Hapo naafiki. Ila dada, siku hiyo pika wewe biriani, jiko la mumeo liachwe. Huyo bwana anataka kuona kwamba naye amewekewa kiti.