Wakimbiaji wa peku Mwanza, tupeane uzoefu: mguu ukiuma mnafanyaje?

Peku wa Capri Point
Habari zenu wakuu. Wanaoanza kukimbia peku wanalalamika yale yale: unyayo, kisigino, kigimbi. Wazoefu semeni panauma wapi, kwa nini, na kinachosaidia ni nini.

Naanza na kosa linaloumiza wengi, kuiamini ngozi. Ngozi ya unyayo hukomaa ndani ya wiki chache, ila mifupa na kano hutaka miezi. Changarawe zikiacha kukuchoma unajiona tayari kwa kilomita 10, kumbe ndani bado. Anza na mita 400 za peku, siku moja ndiyo, moja hapana, zilizobaki malizia na raba. Wiki ikipita bila maumivu, ongeza mita 200.

Mzee wa Nyegezi
Lengelenge linakuonyesha kosa la mkimbio. Likitokea chini ya kidole gumba, unaisukuma ardhi unapoondoka; inua mguu tu, usisukume. Likitokea kisiginoni, hatua ni ndefu na mguu unatua mbele ya mwili kama breki. Hesabu hatua za miguu yote miwili kwa sekunde 15. Kwa wengi zikipungua 42, fupisha. Dogo liache. Kubwa linalouma litoboe pembeni kwa sindano safi, kamua maji, ngozi ya juu usiichune.

Dada Ilemela
Maumivu ya juu ya wayo msiyachukulie poa. Bonyeza kwa kidole kimoja mifupa inayoelekea kidole cha pili na cha tatu. Yakiwa yametawanyika na yanapungua mwili ukipata moto, mara nyingi ni misuli na kano zimechoka. Kata umbali nusu. Yakiwa kwenye nukta moja, pamevimba, na kusimama kwa mguu huo kunauma, acha kukimbia siku hiyo hiyo uende hospitali, huenda mfupa umeanza ufa. Eksirei ya wiki mbili tatu za kwanza inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kurudi barabarani. Ufa hutaka wiki 6 hadi 8. Kumeza dawa ya maumivu kama diklofenaki ili ukimbie ni kuzima king'ora wakati moto bado unawaka.

Kisigino kinachochoma hatua za kwanza ukitoka kitandani, mara nyingi umeumia utando wa unyayo, ule mkanda unaotoka kisiginoni hadi vidoleni. Simama ukingoni mwa ngazi, weka taulo lililokunjwa chini ya vidole, panda kwa sekunde 3, kaa juu 2, shuka kwa 3. Mara 12, raundi tatu, kila baada ya siku moja. Jioni viringisha unyayo juu ya chupa ya maji yaliyogandishwa, dakika 5 zinatosha. Mazoezi haya huchukua miezi kuleta nafuu, msikate tamaa wiki ya pili.

Kijana wa Buswelu
Dada, kwa nini tusitumbukize miguu ziwani tu? Maji yapo hapo.

Dada Ilemela
Hapana mdogo wangu. Kingo zenye majani na konokono ndiko kichocho kiliko, na vijidudu vyake vinapenya ngozi nzima, hata isiyo na kidonda. Tumia beseni, maji ya bomba na barafu.

Mzee wa Nyegezi
Ardhi nayo. Majabali yetu ni ya itale, yakimomonyoka yanaacha changarawe zenye kona kali. Mgeni asianzie huko. Lami laini ni bora, ila kabla ya saa 3 asubuhi. Weka mgongo wa kiganja sekunde 5. Ukishindwa kuvumilia, na unyayo utaungua. Mchanga mkavu unadidimia na kuvuta kano ya kisigino. Ule uliolowa una mteremko, kwa hiyo rudi kwa njia ile ile ili miguu yote igawane mzigo. Karibu na mialo pita ukiwa umevaa, kuna miiba ya samaki na ndoano.

Peku wa Capri Point
Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji mengi, toa mwiba wote. Tundu likiwa na udongo au kinyesi cha ng'ombe na chanjo ya pepopunda imepita miaka 5, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari asikimbie peku kabisa, maana ganzi ya mguu itamficha kidonda.