MREJESHO: Matundu ya ribiti yaliyopanuka kwenye bawa la ndege ninayojenga

Habari zenu wakuu, niliuliza nifanyeje na matundu mawili yaliyopanuka ya ribiti (vipini vya chuma laini vya kuunganishia mabati) za inchi 1/8 kwenye bati la bawa, moja limekuwa la mviringo mrefu kidogo na jingine limetoka kabisa kama namba 8. Asanteni sana kwa majibu, naleta mrejesho.

Lile la kwanza limekubali. Nilipima kwanza kutoka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati, maana ribiti ya saizi inayofuata, inchi 5/32, ina kipenyo cha kama milimita 4, na umbali huo usipungue mara mbili ya kipenyo chake, yaani milimita 8 hivi, kwangu nafasi ilikuwepo. Nikalipanua kwa biti ya kutobolea namba 21, ndiyo saizi ya ribiti hiyo, taratibu mpaka likawa duara safi, nikatenganisha mabati nikatoa vinyuzi vya bati vilivyobaki ukingoni mwa tundu pande zote mbili, hapo msipaharakishe jamani kwa sababu vikibaki katikati mabati hayakai pamoja. Ribiti ikabonyezwa, kichwa cha nyuma, kile kinachotokea ribiti ikibonyezwa, kina upana wa milimita 6 na kimo cha 2, kimekaa sawa kabisa, nimefurahi mno.

La namba 8 sijaligusa. Ribiti kubwa ingeacha upenyo pembeni, isingejaza. Nimewatumia waliosanifu ndege picha na vipimo, wamesema kiwekwe kiraka cha bati la alumini aina ileile na unene uleule, na mchoro wa mpangilio wa ribiti wameshanipa.