Risiti yangu aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwake, na leo nimesimama kizimbani kwa jozi moja ya soksi

Mleta uzi:
Wanajukwaa, nimetoka mahakamani sasa hivi, bado nimevaa tai ya kuazima, na sina mahali pengine pa kuimwaga hasira hii. Yule mlinzi wa mlangoni mnamfahamu nyote, hivyo sitapoteza muda kumtaja: ni yule yule mwenye funguo kiunoni ambazo zingetosha kufungua magereza yote ya dunia na bado zikabaki za akiba. Huyo ndiye aliyenifikisha kizimbani, mtu mzima mwenye watoto wanaonipisha kitini, nikasomewa kwa sauti kwamba niliiba jozi moja ya soksi za rangi ya kijivu.

Soksi nilizilipia. Nilipanga foleni, nikatoa fedha taslimu, nikapewa chenji na risiti. Keshia alisahau kukizima kibandiko cha usalama, nami nilipofika mlangoni king'ora kikalia kana kwamba nimelibeba duka zima mgongoni. Sikukimbia. Nilisimama, nikatabasamu kama mtu asiye na deni, nikamkabidhi risiti. Akaisoma, na ninajua aliisoma kwa sababu midomo yake ilikuwa ikicheza. Kisha akaikunja, akaikunja tena, akaikunja mara ya tatu na ya nne mpaka ikawa ndogo kama ukucha, akaitia katika mfuko wa shati lake, akafunga kifungo cha mfuko, akasema, "Hayo mengine utayaeleza mbele ya safari."

Alifunga kifungo, ndugu zangu! Angeitia mfukoni tu ningesema amepitiwa, lakini mtu anayefunga kifungo amekusudia. Halafu ndipo akaziinua soksi juu ya kichwa chake, watu wote wazione, kama nahodha anayeonyesha kombe.

Leo hakimu ameniuliza kama shtaka ni kweli au si kweli, nimejibu si kweli, dhamana imetolewa, kesi imeahirishwa. Hayo hayakuniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba nilipokuwa nikitoka nilimkuta kwenye korido, amevaa shati lile lile, na aliponiona alijipapasa mfukoni. Alijipapasa pale pale kwenye kifungo!

Mpita Njia:
Mleta uzi, pole, lakini katika maelezo yako yote mahakama imepata mistari miwili na mfuko wa shati umepata iliyobaki. Naona jambo lenyewe ni rahisi: yeye alifunga kifungo chake ili wewe upate cha kwako.

Mleta uzi:
Cheka tu. Siku king'ora kitakapokulilia wewe utaelewa kwamba mshtuko wa kwanza hautokani na kuitwa mwizi, bali na kuona ushahidi wako wa pekee ukikunjwa mara nne na mtu ambaye kwa umbo la vidole vyake hukudhania kuwa anaweza kukunja kitu chochote vizuri kiasi kile.

Taa ya Chemli:
Naomba tuache mzaha kidogo, kwa sababu kesi ipo na tarehe itafika. Si wewe unayepaswa kuthibitisha kwamba hukuiba. Ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha kwamba uliiba. Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungo chake cha 11 (samahani, kifungu), linasema kuwa mtu aliyeshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe kwa mujibu wa sheria, katika kesi ya hadharani ambamo amepewa nafasi ya kujitetea. Mwaka 1935 Baraza la Malordi la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya rufaa huko, lilifuta hukumu ya kifo aliyopewa Reginald Woolmington katika kesi ya kumuua mkewe, kwa sababu jaji alikuwa amemtwisha mshtakiwa mzigo wa kuonyesha kwamba bunduki ililipuka kwa bahati mbaya.

Isitoshe, wizi haukamiliki kwa mtu kuvuka mlango tu. Lazima pawepo nia ya kuchukua kisicho chako. Mtu anayesimama king'ora kinapolia na kutoa risiti mwenyewe anaonyesha nia ya namna gani?

Mleta uzi:
Nakushukuru, ila mimi nimeleta soksi nawe umeniletea bunduki. Kuhusu risiti niliyoitoa, nitaionyesha vipi mahakamani ikiwa imo ndani ya mfuko wenye kifungo?

Taa ya Chemli:
Huihitaji ile karatasi peke yake. Mashine ya malipo huhifadhi kumbukumbu ya kila mauzo pamoja na saa yake, na kamera iliyo juu ya keshia ilikuona ukihesabu fedha. Tatizo ni kwamba mitambo mingi ya kamera hurekodi picha mpya juu ya zile za zamani baada ya muda mfupi, hivyo mweleze wakili wako aandike barua leo, si kesho, akitaka picha za siku ile zitunzwe na kumbukumbu za mauzo zitolewe. Tena usimfuate yule mlinzi kumwomba risiti, kwa kuwa huenda akawa shahidi, na mazungumzo ya koridoni yanaweza kugeuka shtaka lingine.

Mpita Njia:
Shtaka la pili litakuwa jaribio la kuiba kifungo.

Fundi Waya:
Mimi nitasema neno moja juu ya king'ora, kwa sababu watu hukiogopa kana kwamba kina akili. Vile vibandiko vyembamba vyenye utepe wa chuma ndani yake hutikisika takriban mara 58,000 kwa sekunde (58 kHz) vinapopita katikati ya nguzo za mlangoni, nguzo zikasikia mtikisiko huo zikapiga kelele. Kazi ya keshia ni kukipitisha kibandiko juu ya sahani inayoondoa usumaku wa utepe mmojawapo ili kinyamaze. Akikipitisha juujuu, au bidhaa ikiwa na kibandiko cha pili kilichofichwa, mteja aliyelipa atalia mlangoni sawasawa na aliyeiba. King'ora hakijui kuhesabu fedha. Kinachojua ni kwamba kuna utepe ambao haujazimwa.

Mke wa Watu:
Ndugu Mleta uzi, afadhali wewe ulipigiwa kelele na kitu chenye nguzo mbili. Mimi nilisutwa na mashine ya kujilipia mwenyewe, ile yenye mizani chini ya mfuko. Niliweka mkoba wangu juu yake, mashine ikadai kuna kitu ambacho sijakilipia, taa nyekundu ikawaka juu ya kichwa changu, na aliyekuja kunipekua alimwaga vitu vyangu vyote mbele ya mama mkwe. Tangu siku hiyo mama mkwe akija kwangu huondoka na mkoba wake mpaka jikoni.

Mleta uzi:
Pole sana, mama, lakini wewe hukupelekwa mahakamani.

Mke wa Watu:
Mahakama huahirisha kesi, mdogo wangu. Mama mkwe haahirishi.

Lindo la Usiku:
Nimefanya kazi ya mlangoni miaka mingi, na naomba nisitukanwe. Mlinzi mwenye adabu humrudisha mteja kwa keshia, mauzo yakahakikiwa, kibandiko kikazimwa, na mteja akaombwa radhi. Risiti ya mteja haitiwi mfukoni. Hata hivyo, Mleta uzi, ulipokuwa ukisimulia mbona umeruka sehemu moja? Kutoka mlangoni mpaka kufunguliwa mashtaka kuna maelezo ya polisi. Wewe ulisema nini huko?

Mleta uzi:
Nilisema kwamba alifunga kifungo.

Lindo la Usiku:
Na juu ya malipo?

Mleta uzi:
Nilikuwa nimekasirika. Nilieleza kifungo kwanza, nikaeleza tena, na ukurasa wa maelezo ukaisha.

Mpita Njia:
Sasa ndiyo naelewa kwa nini tupo hapa.

Taa ya Chemli:
Mungu wangu! Mpe wakili nakala ya maelezo hayo kabla ya jambo lingine lolote.

Bwana Koti:
Samahanini kwa kuingilia. Fundi Waya, kwa kuwa umo humu, mimi nilinunua koti, keshia akasahau kile kidubwana cha plastiki chenye pini, na mlangoni hakikulia hata kidogo. Nimekivaa kazini wiki nzima, kinaning'inia begani kama cheo, na risiti nimeitupa. Je, nikirudi nalo dukani nitakamatwa kwa kuingia na koti lao?

Fundi Waya:
Usikivute kwa nguvu, kwa sababu baadhi ya hivyo vidubwana vina vichupa vya wino ambavyo hupasuka, na koti litaharibika moja kwa moja.

Mke wa Watu:
Mimi ninacho kwenye gauni mwaka wa pili sasa. Nimeshona ua juu yake.

Mleta uzi:
Jamani, naomba turudi kwenye soksi. Tarehe ya kesi inakaribia, na hamjaniambia nifanye nini nikimkuta tena kwenye korido akijipapasa.

Bwana Koti:
Mama, hilo ua umelishona kwa uzi wa rangi gani?