Msaada: taarifa zangu zimevuja mtandaoni, nianzie wapi?

Tausi77:
Wakuu, salaam. Tovuti moja ninayonunulia vitu imeniandikia kwamba imedukuliwa. Wezi wameondoka na majina, namba za simu, anwani za barua pepe na nywila "zilizofichwa kitaalamu". Mwishoni wananishauri niwe makini. Makini vipi, hawasemi.

Tangu jana kuna mtu ananipigia akijitambulisha kuwa ni wa benki. Ananiita kwa majina yangu yote na anajua mpaka kitu cha mwisho nilichoagiza. Anataka nimsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye meseji. Sijampa. Akaunti ninazo nyingi, sijui nishike ipi kwanza. Natanguliza shukrani.

Kisu Butu:
Futa akaunti zote, nunua laini mpya, maisha yaendelee.

Mlinzi wa Zamu:
Kisu, akitupa laini kabla ya kubadilisha namba kwenye akaunti zake atajifungia nje mwenyewe. Na ile namba ya zamani baadaye kampuni inaweza kumpa mtu mwingine.

Dada Tausi, anza na barua pepe. Huko ndiko kila tovuti inakotuma kiungo cha "nimesahau nywila", kwa hiyo aliyeishika hiyo amezishika na nyingine. Weka nywila mpya ndefu, kisha ingia kwenye mipangilio. Ona orodha ya vifaa vilivyoingia, ondoa usivyovijua. Halafu tafuta sehemu ya kuelekeza barua kwenda anwani nyingine. Hapo watu wengi hawafiki kabisa. Mwizi akiingia mara moja tu anaweza kuacha anwani yake pale. Wewe unabadilisha nywila, unajiona umepona, kumbe nakala za barua zako zinaendelea kumfikia. Kagua pia namba ya kurejesha akaunti.

Huyo anayekupigia, usichanganywe na meseji. Inaweza kuwa imetoka benki kweli, kwa sababu yeye ndiye anajaribu kuingia muda huohuo na mfumo unakuuliza wewe. Mkatie, kisha piga namba iliyo nyuma ya kadi.

Tausi77:
Ahsante sana. Vifaa ni vyangu vyote, ila namba ya kurejesha ni laini ambayo siitumii tena. Naibadilisha sasa hivi. Lakini nywila si wamesema zimefichwa?

Binti Hesabu:
Maana yake hazikuhifadhiwa kama ulivyoziandika, zimepitishwa kwenye hesabu isiyorudi nyuma. Basi mwizi anabahatisha: anachukua mamilioni ya nywila zinazojulikana, anazipitisha kwenye hesabu ileile, zikilingana amekupata. "123456" inaanguka papo hapo. Maneno matano yasiyohusiana yatamtoa jasho.

Akishaipata, programu inaijaribu pamoja na barua pepe yako kwenye tovuti nyingine chungu nzima. Ndiyo maana kila akaunti inahitaji nywila yake. Kichwa hakiwezi kuzibeba zote, tumia programu ya kuzitunza, Bitwarden kwa mfano. Ukitaka kujua anwani yako imevuja wapi kwingine, ipo tovuti ya Have I Been Pwned, ambayo mtaalamu wa usalama wa mtandao Troy Hunt aliianzisha mwaka 2013. Na usijione una mkosi: wizi wa Yahoo wa mwaka huohuo uligusa akaunti bilioni 3.

Kisu Butu:
Haya, nimekaa. Lakini kama umeweka namba ya uthibitisho kwa meseji si inatosha?

Mlinzi wa Zamu:
Ni bora kuliko kukosa kabisa. Tatizo meseji inaifuata laini, na tapeli mwenye taarifa zako anaweza kudai kwa kampuni ya simu kwamba yeye ndiye wewe, simu imepotea, akapewa laini yako. Programu kama Google Authenticator inatengeneza namba ndani ya simu, kila baada ya sekunde 30 inabadilika, haijali laini. Zile namba za akiba ambazo akaunti inakupa za kuingilia simu ikipotea, ziandike kwenye karatasi. Ila hata namba ya programu hiyo ukimsomea mtu, umemfungulia.

Tausi77:
Nimepiga namba ya nyuma ya kadi. Benki wanasema hakuna mtu wao aliyenipigia, wamefunga kadi, nitapewa nyingine. Sasa nahamia kwenye nywila, naanza na akaunti zenye pesa.

Binti Hesabu:
Sawa kabisa. Kadi mpya ikija, usiihifadhi kwenye ile tovuti. Iandike upya kila unaponunua.