Red Dead Redemption 2 imenifanya nione gemu zingine zote chapwa. Nisaidieni

JaManyatta
Wadau, hamjambo. Mimi ni fundi simu hapa Kisumu, naishi Manyatta. Najua kuna watu humu wana shida za mashamba na za ndoa, lakini hii yangu nayo inanila pesa.

Mwaka 2021 nilinunua PS4, mashine ya gemu, ya mkono wa pili, ile ya GB 500, ikaja na Red Dead Redemption 2 ndani, gemu ya macowboy wa Marekani. Sikuitaka. Nilitaka FIFA kama watu wote. Wiki ya kwanza iliniudhi: theluji tupu, farasi anajikokota, mtu anafungua droo moja moja kama mama anayetafuta kitambulisho siku ya kura. Halafu sijui ilikuwa siku gani, nikanasa. Nikajikuta nampitishia farasi brashi, nasafisha bunduki, ndevu za Arthur, yule cowboy unayemwendesha, zikirefuka nampeleka kinyozi. Hadithi nimeimaliza mara tatu. Siku zingine sigusi misheni yoyote, naenda tu kuvua samaki mtoni. Na ziwa lenyewe liko hapa chini, sijawahi kushika ndoano maishani.

Sasa kila gemu nikiweka naona haina chumvi. Nimenunua Horizon Zero Dawn, God of War ile ya 2018 na Spider-Man. Zote nimeacha katikati. Horizon ilinishinda mapema: kwa Red Dead ukikutana na mtu njiani na huna silaha mkononi, unashikilia kitufe cha L2 kumkazia macho, kisha Square unamsalimia. Nikabonyeza L2 huku, nikajikuta nimevuta upinde. Nikaona aibu, nikazima. God of War naona kwa macho kwamba ni nzuri, ila yule mzee na mwanawe wana haraka mno. Spider-Man tuache. Yule hajui kutembea.

Mdogo wangu anasema nanunua CD za kupamba kabati. Kuna mtu amewahi kupona hii kitu? Alifanyaje?

FundiPadi
Karibu mkuu. Nina kibanda cha gemu Kondele, mechi moja shilingi 20. Niliwahi kuweka hiyo Red Dead yako. Mteja analipia nusu saa, nusu saa inaisha bado anapakia kulungu kwenye farasi. Anataka kurudishiwa pesa. Niliitoa.

Lakini ugonjwa wako naujua, kwangu unaitwa FIFA. Hata walipoibadilisha jina 2023 ikawa EA Sports FC, vijana bado wanaingia wakisema "weka FIFA". Niliwaletea Tekken 7, gemu ya ngumi. Siku mbili tu, wakairudisha. Si kwamba ni mbaya. Huku mtu ni bingwa wa mtaa, kule anachapwa na mtoto wa darasa la sita huku wenzake wanacheka. Nani anataka kuanza kuwa mjinga tena?

Soma tena ulichoandika. Red Dead yenyewe ilikuudhi wiki nzima na ukaivumilia, labda kwa sababu hukuwa na CD nyingine. Horizon uliivumilia siku ngapi?

Mkakamega
Dawa ni Red Dead Redemption ya kwanza, ya 2010. Hadithi ya hii yako ni ya mwaka 1899, ile ni ya 1911, kwa hiyo ingawa ilitoka kwanza ndiyo inayofuata. Kwa PS4 ililetwa 2023. Ukiimaliza, chukua Ghost of Tsushima. Hiyo pia kuna farasi, na badala ya kukuwekea mshale kwenye kona, upepo ndio unakuelekeza. Wewe mtu wa polepole utaipenda.

MamaMapacha_Nakuru
Mkakamega, mlevi wa busaa humpelekei chang'aa halafu useme amebadilika. Ukimpa farasi mwingine atakaa juu yake akimkumbuka wa kwanza.

Mimi yaliyonipata ni ya Stardew Valley, hiyo gemu ya shamba ya 2016 iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Nililima kwa laptopu mpaka nikawa na mvinyo, jibini na kuku wa rangi ya buluu. Shamba letu la kweli huko Njoro magugu yalifika magotini. Mume wangu alikuwa anauliza viazi vimefika wapi, na mimi naangalia bei ya stroberi.

Kosa langu lilikuwa kutafuta Stardew nyingine. Nilijaribu gemu za shamba nne, kila moja naikagua kama mama mkwe. Iliyonitoa hapo ni Tetris, ile ya kupanga vipande vinavyoanguka. Tetris haina kuku, haina jirani wa kupelekea zawadi, kwa hiyo sikuwa na cha kulinganisha. Kaka, chukua kitu kisichofanana kabisa, na kiwe kifupi. Kuna moja inaitwa Journey, saa mbili hivi inaisha, hakuna anayesema neno hata moja.

BwanaSanAndreas
Mimi niko kwenye gemu ya GTA San Andreas tangu PS2. Ilitoka 2004 na bado namwendesha CJ, mhusika wake mkuu, kwa baiskeli kila Jumapili baada ya kanisa. Shida iko wapi? Mtu akiwa na mke mmoja mnamsifu, akiwa na gemu moja mnampeleka hospitali.

MamaMapacha_Nakuru
Wewe hununui zingine. Yeye ana wake watatu kabatini hawajafunguliwa sanduku.

Kijana_wa_Bondo
Kwani mnahangaika na nini, si Arthur mwenyewe mwishoni ana

NyarDunga
Kijana, ishia hapo hapo. Kuna watu bado wako sura ya pili.

JaManyatta, nikuulize kitu cha kifundi. Hiyo gemu inakula zaidi ya GB 100 kwenye mashine ya 500. Ukiweka nyingine inabidi ufute, si ndiyo? Na najua hujawahi kuifuta yenyewe, unafuta zile mpya. Sasa zitakuzoeaje?

Usiiuze, utalia. CD zake kwa PS4 ni mbili, ya data na ya kuchezea. Ya data ikishaingia haina kazi tena, bila ya kuchezea gemu haiwaki. Hiyo ya kuchezea mpe mtu akae nayo mwezi mmoja. Kisha ifute kwenye mashine upate nafasi. Ulipofika hapapotei, kumbukumbu za mchezo zinahifadhiwa kando.

JaManyatta
NyarDunga umenipata uchi. Ni kweli, Spider-Man niliifuta ili Red Dead ipate sasisho.

Basi FundiPadi, kesho jioni nikifunga duka nakuletea hiyo CD. Usinirudishie hata nikija usiku nikibembeleza.

FundiPadi
Leta. Data yake bado iko kwenye mashine yangu, sikuwahi kuifuta.

JaManyatta
Narudi baada ya siku tisa. Shemeji alinisaidia kuinunua Journey mtandaoni. Stima ilipotea mara moja, lakini nimeimaliza kwa jioni moja. Ni gemu ya kwanza kuimaliza tangu Red Dead. Sijui nisemeje, mchanga ule unapoteleza juu yake jua likizama... Mama Mapacha, asante. Ila nikuambie ukweli, nilipoona jangwa refu mbele yangu nilibonyeza padi nikitafuta pa kumwitia farasi.

Horizon nimeirudisha jana, niko jioni ya pili. Bado navuta upinde kwa watu, lakini nao wameshazoea.

FundiPadi, CD iko salama?

FundiPadi
Iko salama. Ila kuna kijana ameingia saa nane mchana, mpaka saa hii yuko nayo anavua samaki. Ameshalipa shilingi 200.